Vulcan ilikuwa nzima, kwa nini ikawekwa chini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mwanga, Kigoma. Darasa langu limependa sana video za Vulcan, ile ndege ya kivita ya Uingereza yenye bawa la pembe tatu na mlio wa ajabu. Tumesoma kuwa ya mwisho, XH558, iliruka mara ya mwisho Oktoba 2015, na siku hiyo injini zote nne zilikuwa zinafanya kazi na watu walikuwa bado wanaichangia fedha. Kwa nini basi iliwekwa chini? Mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, meli yetu ya Liemba si ya wakati wa Wajerumani, na bado inakarabatiwa? Ndege ya 1960 imeshindikana nini?" Nikabaki natafuta chaki. Na ule mlio, unatoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mwanafunzi mtunze. Mimi nilishika spana za ndege miaka thelathini na kitu, mingi ikiwa chini ya bawa la Fokker F27, zile za propela mbili zilizokuwa zikija Tabora na Kigoma enzi za Shirika la Ndege la zamani. Swali lake nimewahi kuulizwa na abiria, na mkuu wa wilaya, na mke wangu. Kila mara lilikuja hivyohivyo: si ndege hiyo hapo, si nzima, mbona hairuki?

Jibu fupi ni kwamba Vulcan haikukosa injini wala mafuta. Ilikosa watu wa kuisainia.

Chini ya sheria za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, ndege ngumu kama ile, ikishatoka jeshini na kuingia mikononi mwa raia, hairuki mpaka kampuni zenye ujuzi wa usanifu wake zisimame nyuma yake. Kwa XH558 kampuni hizo zilikuwa tatu: BAE Systems, ambayo ndiyo mrithi wa Avro iliyoiunda, Rolls-Royce, wenye injini, na Marshall Aerospace, waliokuwa wakisimamia uhandisi wake. Mwaka 2015 zote tatu ziliamua kuwa msimu huo ndio wa mwisho kwao kuiunga mkono. Tangazo likatoka Mei, mashabiki wakalia, wakafurika viwanjani kuiaga, na tarehe 28 Oktoba 2015 ikatua Doncaster kwa mara ya mwisho.

Najua mtu wa nje anavyolisikia hilo. Anasikia urasimu. Nikupe kisa.

Usiku mmoja tulilaza ndege hapa Tabora kwa sababu ya bomba moja la haidroliki, refu kama mkono wangu. La zamani lilikuwa linatoa jasho la mafuta. Stoo tulikuwa na jingine, jipya, linang'aa, kipimo kilekile, nati zilezile. Ila karatasi yake haikuwepo. Hakuna aliyejua limetoka kundi gani, limepimwa kwa shinikizo gani, nani alilipokea. Abiria mmoja, mzee mwenye madumu manne ya asali, akanifuata hadi chini ya bawa akanionyesha kwa kidole: "Fundi, bomba si hilo hapo mkononi mwako?" Ndilo. Na sikulifunga. Tukalala, asubuhi likaja jingine na karatasi yake, tukaondoka. Yule mzee hakunisemesha tena, na asali hakunipa.

Lile bomba huenda lilikuwa zima kabisa. Lakini fundi anaposaini daftari la ndege hasemi "nadhani ni zima". Anasema najua, na ninajua kwa sababu kuna aliyejua kabla yangu, na mwingine kabla yake, mpaka kwa aliyelichora. Ni mnyororo. Pete moja ikikatika, mimi wa mwisho sina cha kushika. Kwa Vulcan pete zilizokuwa zinakatika ni watu wenyewe. Prototaipu yake, yaani ndege ya kwanza ya majaribio, iliruka Agosti 1952. Aliyekuwa na miaka 25 mezani kwa wachoraji wa Avro mwaka ule, mwaka 2015 alikuwa na miaka 88, kama yu hai. Waliowafuata nao walikuwa wanastaafu. Vijana wa kampuni zile wana akili kuliko sisi, lakini wamesoma ndege nyingine. Kumwambia kijana wa namna hiyo atie sahihi kwamba boriti iliyochorwa kwa penseli na watu asiowaona itastahimili mwaka mwingine, hapo unamtaka aape kwa jina la marehemu.

Sasa tuje kwenye fizikia, maana hapo ndipo kampuni hazikuwa zikiogopa kivuli.

Waangalie vijana wanaoleta mkaa mjini kwa baiskeli. Magunia mawili, matatu, siku baada ya siku, barabara ya mashimo. Uma wa mbele hukatika lini? Mara nyingi si siku ya mzigo mkubwa. Hukatika anaporudi mtupu, anaimba, amegonga tuta dogo. Chuma kilikuwa kinahesabu muda wote. Kila shimo lilifungua ufa kwa unene wa unywele, na lile tuta dogo lilimalizia tu. Mafundi tunaita uchovu wa chuma, na bawa la ndege huchoka vilevile: linapinda juu ndege inapopaa, linatulia inapotua, linatikisika kwenye hewa mbaya. Kila safari huandikwa, kila mzigo huhesabiwa. Bawa lina akiba yake, na ukishaila hairudi.

Waingereza walijifunza hili kwa ndege ndugu wa Vulcan. Walikuwa na tatu za kubebea mabomu ya nyuklia, zote majina yakianza kwa V: Valiant, Victor na Vulcan. Zilibuniwa ziruke juu sana, ambako hewa imetulia. Tarehe 1 Mei 1960 Wasovieti wakaitungua U-2, ndege ya kijasusi ya Wamarekani, kwa kombora, na taratibu ikawa wazi kwamba kule juu si maficho tena. Wakaanza kuzirusha chini, karibu na ardhi, kwenye hewa inayorusharusha ndege kama lori la Kibondo kwenye barabara ya zamani. Mwaka 1964 Valiant zikakutwa na nyufa kwenye boriti za mabawa, na Januari 1965 zote zikaondolewa kazini. Ndege ambayo mwanzoni mwa muongo ilikuwa fahari ya taifa ikaishia chuma chakavu. Vulcan lilikuwa na bawa nene lenye nguvu zaidi, likavumilia. Lakini kuvumilia ni kuchelewa tu.

XH558 yenyewe iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Mei 1960, ikaingia jeshini Julai mwaka huo. Wengi huichanganya na ile iliyopiga uwanja wa Stanley katika vita vya Falkland mwaka 1982. Ile ni XM607. Iliondoka kisiwa cha Ascension, ikaenda na kurudi kwa karibu saa 16, ikinyweshwa mafuta angani na ndege za Victor njiani, ikadondosha mabomu 21 na moja likaipata njia ya kurukia. Rubani wake, Martin Withers, ndiye baadaye aliirusha XH558 kwenye maonyesho, ndiyo maana hadithi hizi mbili zimeoana. XH558 mwaka huohuo ilikuwa inageuzwa kuwa tangi la kunywesha wengine. Baada ya hapo jeshi likaitumia kwa maonyesho hadi 1992, likaiuza mwaka 1993, ikakaa chini zaidi ya miaka 14. Kundi la wapenzi wakiongozwa na Robert Pleming likachangisha, mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa ukaongeza pauni milioni 2.7, na tarehe 18 Oktoba 2007 ikapaa tena. Kuitunza iruke kuligharimu kama pauni milioni 2 kwa mwaka, nyingi zikitoka mifukoni mwa watu wa kawaida. Mimi nilipoisoma habari ile sikuamini. Sijawahi kuona ndege ya umri ule ikirudishwa angani kutoka kwenye hali ile na kundi la raia.

Kwa hiyo hii moja iliruka kuliko wenzake wote. Kufika 2015 ilikuwa imezidi saa za Vulcan nyingine yoyote kwa karibu asilimia 10. Maana yake, mwalimu, kwenye hesabu za uchovu hapakuwa na kaka mkubwa wa kumtazama. Ukiwa na ndege kumi za aina moja, ile iliyotangulia kwa saa ndiyo inayokuonyesha nyufa zitaanzia wapi, nawe unafungua zako hapohapo. XH558 ilikuwa inatembea gizani, yenyewe mbele. Walishaongeza vyuma vya kuimarisha mabawa wakati wa baridi ya 2013 kuelekea 2014, kazi ngumu na nzuri. Iliwanunulia muda, si umri.

Injini nazo zina kisa ambacho watu wa Kigoma mtakielewa haraka kuliko Mwingereza yeyote. Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen, yaani Liemba yenu, Julai 1916, wahandisi wake walizipaka injini grisi nene kwanza, wakijua iko siku mtu atazihitaji. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya. Vulcan nayo ilikuwa na grisi yake: injini nane za Olympus ambazo hazijatumika, zimefungwa kwenye mifuko yake tangu mapema miaka ya 1980. Bila hizo hata 2007 isingefika. Marubani walizitunza kama mboni ya jicho, wakiepuka kusukuma moto wote ilipowezekana. Halafu Mei 2012, pale Doncaster, ndege ikiwa inaanza kukimbia ipae, mifuko midogo ya kukaushia unyevu iliyosahaulika ndani ya tundu la hewa ikamezwa na injini moja. Mapande yake yakaingia kwenye ya jirani. Injini mbili zikafa kwa sekunde chache, kwa vijifuko vya aina ileile unayoikuta kwenye boksi la viatu vipya.

Fundi yeyote aliyewahi kuhesabu spana zake usiku wa manane ili kuhakikisha hakuna iliyobaki ndani ya injini, habari ile ilimtia baridi mgongoni. Mimi nilizima redio.

Wakafunga nyingine kutoka kwenye akiba, ndege ikaruka tena mwaka uleule. Lakini akiba ilikuwa imepungua, na hakuna kiwanda duniani cha kuunda nyingine. Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ilitumia injini ya ukoo huohuo wa Olympus, nayo iliacha kuruka mwaka 2003. Ukoo umekwisha.

Basi turudi kwa mwanafunzi wako na Liemba.

Meli inaponyong'onyea, unaivuta kwenye chelezo. Bati lililoliwa unalikata, unaweka jipya. Injini ya mvuke unaitoa, unaweka ya dizeli, kama walivyofanya miaka ya 1970. Bati la meli ni nene, linapimika, na mchomeleaji mzuri Kigoma anaweza kulirudisha. Ikiharibika injini katikati ya ziwa, meli inaelea. Nahodha anashusha nanga au anasubiri kuvutwa, abiria wananung'unika, migebuka inaoza. Ndege haina nanga. Tena ukibadilisha boriti kuu ya bawa la Vulcan, hujakarabati, umeunda ndege mpya, na wa kuiunda hayupo. Liemba ikisimama miaka mitatu, mitano, habari ya kuifufua inaanza upya na ina mashiko. Vulcan ikisimama, mnyororo ule wa watu unaendelea kukatika hata ikiwa imefunikwa turubai.

Akibisha, na abishe, mpe hoja iliyo ngumu zaidi ya Liemba: Lancaster. Ni ndege ya mabomu ya Avro ileile, ya vita vya pili vya dunia. PA474 iliundwa mwaka 1945, na Jeshi la Anga la Uingereza bado linairusha. Mkubwa anaruka, mdogo amekaa! Sababu mbili. Kwanza, ile ni ya jeshi, na jeshi ndilo linalobeba dhamana. Haliombi sahihi ya kampuni kwa namna raia anavyoomba. Pili, Lancaster ni mashine unayoweza kuishika. Injini zake za Merlin ziliundwa zaidi ya 100,000, na mafundi wanaozifahamu wapo kwa sababu Spitfire nyingi, ndege za kivita za enzi hizohizo, bado zinaruka nazo. Usukani umeunganishwa na mkia kwa vyuma unavyoweza kuvifuata kwa mkono, kama Fokker zetu zilivyokuwa na nyaya. Vulcan haina hiyo. Mabapa yake ya bawa yanasukumwa na mitambo inayoendeshwa kwa umeme, na umeme wote ukizima, rubani ameshika fimbo isiyoshika kitu. Mwaka 1959 moja ilianguka kwa sababu hiyohiyo. Na kati ya watu watano ndani, wawili tu, marubani, ndio waliokuwa na viti vya kuruka navyo nje. Watatu wa nyuma walitakiwa kutokea mlangoni. Hilo nimeliona la kuudhi tangu nililisoma, na sijabadilisha mawazo.

Utasikia pia watu wakisema Vulcan ilisimamishwa kwa ajili ya ajali ya Shoreham, ambapo Hawker Hunter, jeti ya zamani ya kivita iliyokuwa kwenye maonyesho, ilianguka barabarani Agosti 2015 na kuua watu 11. Si kweli, uamuzi wa Vulcan ulishatangazwa miezi mitatu kabla. Lakini baada ya Shoreham, jeti za zamani Uingereza ziliwekewa masharti makali zaidi, na nadhani hata wale waliokuwa wakilalamikia zile kampuni tatu walinyamaza kidogo. Hata Afrika tunayo yetu: huko Afrika Kusini kampuni binafsi ya Cape Town ilikuwa ikirusha Lightning, jeti za zamani za kivita za Kiingereza, kwa kulipia. Novemba 2009 moja ikapata hitilafu kwenye maonyesho, kiti cha kuokoa hakikufanya kazi, rubani akafa.

Mimi, ukiniuliza, nasema kampuni zilifanya sawa, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyeipenda ndege ile kwa video tu. Afadhali imekaa Doncaster nzima, kuliko kuwa shimo kwenye shamba la mtu. Wala nisijifanye mtakatifu kwa kuililia. Ile ilikuwa mashine ya kubebea bomu la atomu. Sisi tulionjeshwa kidogo mwaka 1979, Tu-22, ndege ya mabomu ya Libya, ilipotumwa kupiga Mwanza, ikakosa, ikaangukia hifadhi ya Saanane na kuua swala. Aliyewaona wale swala hashangilii kila ndege yenye mabomu.

Inaweza kuruka tena? Hapana. Kuna miaka ilipowashwa injini chini, kwa heshima yake, lakini uwanja wa Doncaster wenyewe ulifungwa mwaka 2022. Mbili nyingine, XL426 ya Southend na XM655 ya Wellesbourne, wapenzi wake waliziweka katika hali ya kuwasha injini na kutembea ardhini. Kati ya zaidi ya 130 zilizoundwa, si haba.

Kipimo kwa watoto: mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni karibu mita 34. Dash 8 inayotua hapo kwenu ni kama mita 28. Wakiiona siku moja uwanjani, waongeze mita tatu kila upande, halafu wajaze pembe yote ya katikati kwa bati.

Na mlio. Hautoki nyuma kwenye moto, kama wengi wanavyofikiri. Unatoka mbele, kwenye matundu mapana ya kuingizia hewa, injini zikifika kiwango fulani cha mzunguko, karibu asilimia 90. Chini ya hapo ni ngurumo tu, ukizidisha ni ngurumo zaidi. Lipe darasa chupa tupu za soda. Wapulize juu ya mdomo wa chupa, taratibu kwanza, halafu waongeze pumzi. Kuna mahali chupa itaitika.